Mahari Yangu na Karo Yako

Mwanangu Swabra,

Bi Zena, somo wangu wa harusi, amenichukulia simu. Asema biarusi aliye ndani ya fungate hana la kuzungumza na ulimwengu mpaka siku zake saba zitimie, na kama ulimwengu una haja naye, basi ulimwengu ungojee. Nikamwambia mwanangu anasafiri kesho. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Na asafiri salama. Wewe ndiwe uliyemzaa, si wewe utakayeendesha treni." Nikaomba karatasi na kalamu. Hilo nalo halikumpendeza. "Biarusi haandiki barua," akasema. "Biarusi huandikiwa." Lakini alipokuja na sinia la chakula cha mchana, chini ya kawa nilikuta kalamu na karatasi hizi, na yeye akajifanya anatengeneza pazia.

Nilidhani kwa umri wangu nitasamehewa mambo ya somo na kufungiwa ndani. Mtu na binti yake amemaliza kidato cha nne, afundishwe nini tena? Hakuna aliyenisamehe. Nimeketishwa, nimesingwa mwili mzima, nimefukizwa udi mpaka nywele zangu zanuka kama duka la Waarabu. Na nikwambie kweli, mwanangu? Nimependa. Nimependa kila dakika yake.

Kutoka hapa Bondeni hadi nyumbani kwa bibi yako, Mji wa Kale, ni mwendo wa mtu kutafuna kashata moja. Nakujua uliko sasa. Uko chumba cha nyuma, sanduku liko wazi, bibi yako amekaa kitandani akitoa unachotia na kutia unachotoa. Kwa hivyo mimi sitakuandikia habari ya blanketi, wala ya kufunga mlango usiku, wala ya kula. Hayo yana mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu.

Kesho utapanda treni na barua mbili za chuo ndani ya mkoba. Moja ni ya ualimu, kule bara ya mbali, ulikopangiwa, ambako serikali itakubebea sehemu kubwa ya gharama. Ya pili ni ya sheria, hapo Nairobi, ambako utajilipia. Njia zote mbili zapita Nairobi, kwa hivyo treni haitakuuliza kitu. Wewe umekwisha kutuambia kuwa utashuka Nairobi na kupanda basi la bara. Ungekuwa umeikataa sheria kwa sababu huitaki, mimi ningekuwa nimelala hapa nanusa asumini zangu. Lakini umeikataa kwa sababu yangu, na hilo siwezi kulala nalo.

Nakumbuka vizuri siku ya nikaha. Sisi wanawake tulikuwa juu, wanaume wako chini, na Mjomba Athmani akapanda ngazi kuja kuniuliza kama inavyotakiwa, kama nimekubali na mahari yangu ni nini. Wewe ulikuwa umesimama karibu na mlango umeshika chetezo. Nikasema, tena kwa sauti, "Nimekubali. Na mahari yangu ni karo ya mwaka wa kwanza ya masomo ya sheria."

  Kisha Bi Zena akauliza, "Eee, mahari hiyo ama ada ya shule?" Wanawake wakaanza kucheka chini ya leso zao. Mjomba akaniuliza mara ya pili, akidhani ni haya imenichanganya, nikamjibu vile vile. Akateremka, tukamsikia anayasema chini, kisha sauti ya bwana harusi wangu, Aboud: "Nimekubali, na kama kuna karo ya sare pia nimekubali." Wanaume wakapasua kicheko. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, wanja unanimwagika. Nilipotazama mlangoni, chetezo kilikuwa chini na wewe hukuwapo.

Uliniambia nini kwenye ngazi? Nilikufuata na mavazi yangu yote, na dhahabu za kuazima zinagongana, nawe ukanigeukia ukasema, "Mama, umeolewa ama umefanyiwa harambee?"

Swabra, neno lile lilinichoma, lakini baadaye usiku nililicheka peke yangu, maana ni neno la wakili haswa. Fupi, na halina mlango wa kutokea. Kisha ukaongeza la kitabuni: mahari ni haki ya mke, haiguswi na mzazi wala mtoto, na ukiila wewe utakuwa umekula haki ya mtu. Ukateremka. Tangu hapo wazungumza nami kwa adabu, na adabu yako ikizidi najua umekasirika.

Wadhani niliolewa kwa ajili ya karo yako. Hayo ndiyo mashtaka. Basi sikiliza utetezi wangu, na uniwie radhi, maana ni utetezi wa mwanamke aliyependa.

Unamkumbuka mteja aliyekuwa akija dukani Biashara Street kila mwisho wa mwezi kununua leso za dada yake? Ulikuwa kidato cha tatu wakati ule. Likizo ulikuwa ukija kunisaidia kukunja, nasi tulimpa jina, "Bwana Leso." Alikuwa akitoka kwenye ghala la chai Mbaraki, ambako yeye ni karani, na vumbi la majani ya chai kwenye ukosi wa shati. Aliposimama mbele ya meza, duka lilianza kunukia kama bibi yako amefungua birika. Alikuwa hana miwani. Kila mara ameisahau. "Nisomee, dada, jina la leso hii lasemaje?" Nami nikamsomea. Wajua leso zenyewe zinavyosema. Nyingine za kumsema jirani, nyingine za kumshukuru mama, na nyingine, mwanangu, ni za mapenzi, na hizo ndizo alizokuwa akizichagua bila kujua. Mimi nimesimama mbele ya mwanamume mgeni, nasoma maneno ya mahaba kwa sauti ya karani wa posta, na masikio yananiwaka.

Akinunua, akaenda. Mwezi ujao, vile vile. Mpaka siku moja akaja dada yake mwenyewe, mwanamke mnene, mchangamfu, akaweka mkono juu ya meza akaniuliza, "Ndiwe usomae leso?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Mamangu, kabati langu halifungiki. Nimemwambia kakangu, oa tu, nipumue."

Siku ya pili ya fungate ndipo Aboud aliponiambia. Miwani ilikuwa mfukoni siku zote.

Sasa jihesabie mwenyewe, wewe upendaye ushahidi. Alianza kuja hujafanya mtihani. Hakuna aliyejua utapata B+ wala utakosa nafasi ya sheria ya serikali kwa pointi chembe. Hakuna aliyejua kama kutakuwa na barua mbili, moja wala hata nusu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpenda mtu huyu kabla karo yako haijazaliwa. Nilimpenda kwa vile alivyokuwa akiifunga leso vizuri tena baada ya kuifungua, ili nisipate kazi ya kuikunja. Niliporudi nyumbani na kukukuta unasoma, nilikuwa nakaa karibu nawe na kujifanya nakusaidia, nawe ulikuwa ukiniuliza, "Mama, wacheka nini?" Nilikuwa nacheka hicho.

Hata sasa nakuandikia naona haya kama msichana. Aboud ameteremka msikitini kuswali alasiri. Mwanamume hufungiwa nusu tu, yeye ana ruhusa ya kutoka. Mwanga unaingia vipande vipande katikati ya mbao za dirisha na kulala juu ya shuka, na vikuba vya asumini vya jana vimeanza kugeuka rangi ya chai lakini harufu bado. Chini mtaani muuza kahawa agonga vikombe vyake, na mlio ule wapanda taratibu, kama watoka nchi nyingine. Siku hizi mambo yote yanijia hivyo, kwa mbali na kwa upole. Najua fungate itakwisha na nitarudi dukani, na Aboud ataanza kukoroma ama mimi nitaanza kumsikia. Lakini leo niko hapa, na nataka ulijue hili hapa lilivyo, ili usije ukalihesabu kama deni.

Sasa, kwa nini nilitaja karo? Hilo lina historia ndefu kidogo.

Nilipoolewa na babako, Mungu amrehemu, nilikuwa na umri kama wako na miaka miwili juu. Walikuja kuniuliza mahari vile vile. Nilinyamaza. Tulifundishwa kwamba msichana mwenye haya hanyamazi kwa kukataa, hunyamaza kwa kukubali, na wakubwa watamsemea. Wakubwa wakanisemea. Wakataja kitanda cha mvule na kabati la vioo. Babako alikuwa mtu mwema, alivinunua vyote viwili, na nilikaa navyo mpaka alipofariki ukiwa darasa la tatu. Lakini Swabra, mimi nilikuwa natamani cherahani. Nilitaka kupiga pindo za leso nyumbani na kuwa na kazi yangu. Neno moja tu lingetosha, na siku ile ndiyo siku pekee ambapo watu wote walikuwa wamenyamaza kunisikiliza. Cherahani niliinunua miaka mingi baadaye, kuukuu, na unajua inavyolia.

Kabla ya hapo kulikuwa na jingine. Nilipomaliza kidato cha nne Mjomba Athmani alikuwa ameanza kazi, na akaniambia atanilipia masomo ya uuguzi. Alinifurahia, maskini, alikuwa amekwisha kuuliza kila kitu. Nami nikamkatalia. Nikasema ana maisha yake, ataoa, sitaki kumlemea. Nilijiona mwema mno. Nililala na wema wangu kama mtu alalaye na mto mpya. Unajua zile pesa zilikwenda wapi? Alinunua gari. Lilitembea mpaka Makupa likazimika, na halikuwaka tena. Lilikaa nje ya nyumba miaka, kuku wakitaga ndani. Kila nikipita nilikuwa nikiona uuguzi wangu umekaa pale bila magurudumu.

Hilo ndilo nililolielewa polepole, na ndilo nililotaka kukwambia kwenye ngazi kama dhahabu za watu hazikuwa zikinipigia kelele. Nilidhani nikikataa, pesa itabaki kwa mwenyewe na kumfaa. Haikumfaa. Na kakangu hakuniambia asante kwa kumhurumia. Mpaka leo, akinywa kahawa na akichokoza, huniambia, "Wewe ulinikataa." Ndivyo yeye anavyolikumbuka.

Kwa hivyo safari hii, waliponiuliza, nilisema. Kwa sauti. Nilitaka kitu nikitakacho mimi, na kitu nilichokitaka kuliko mikufu yote ya dukani ni kukuona una nafasi ya kuchagua. Wewe wasema ni haki yangu na haiguswi. Kweli. Lakini haki ambayo siwezi kuitoa kwa mkono wangu kumpa nimpendaye, hiyo ni haki gani? Hiyo ni kabati la vioo jingine. Nijibu hilo, wakili.

Sasa tuzungumze kama watu wazima, maana sitaki uende sheria kwa sababu mamako amependa na akili zimemruka.

Najua unachoogopa. Ulimwambia bibi yako, naye hana siri. Waogopa kwamba waliokupita kwa pointi ndio wenye akili ya kazi ile, na wewe utaingia kwa mlango wa kulipa na kukaa nyuma. Mimi sikusoma sheria, siwezi kukuapia kuwa utafaulu. Nimeuliza, na wameniambia njia ni ndefu. Miaka minne ya digrii, kisha shule nyingine ya kuwafunza mawakili, yenye karo yake na mitihani yake inayowaangusha wengi, kisha kukaa chini ya wakili mwingine ukimbebea mafaili kwa posho ya nauli. Na Mombasa hii mawakili ni wengi, wengine wanashinda wakingoja wateja kama sisi dukani tungojavyo miezi isiyo na harusi. Mahari yangu yatosha mwaka wa kwanza. Wa pili sijui. Kuna mkopo wa wanafunzi, kuna basari za kuombea, kuna cherahani yangu na kelele zake. Aboud asema tutaona. Mimi siipendi hiyo "tutaona," lakini ndiyo iliyopo na sitakudanganya.

Na ualimu si kitu kidogo. Karo yake yabebeka, kazi yake yajulikana, na ukisimama mbele ya darasa najua watanyamaza. Ukiuchagua kwa moyo wako, nitakuwa mama wa mwalimu na nitawaambia wateja wote, hata wasionunua kitu.

Lakini nilikuwapo dukani siku ile walipokuja wale marafiki wawili waliogawana doti moja ya leso, kila mmoja kipande chake, kisha wakakosana. Mmoja yuwataka arudishiwe pesa ya nusu, mwingine asema nusu ameshaivaa. Walikuwa wakipigana maneno mpaka tajiri wangu akajificha nyuma ya marobota. Wewe ulikuwa umekaa chini na kitabu. Hukuwaambia nani ana makosa. Ulimuuliza wa kwanza, "Ulipompa pesa ulimwambia nini?" Ukamgeukia wa pili, "Nawe ulisikia nini?" Ukawaacha waseme mpaka mwisho, kila mmoja, na hakuna aliyemkatiza mwenzake kwa vile ulivyokuwa ukiwatazama. Wakatoka wamepatana. Mmoja wao aliporudi tena hakuniulizia leso. Alikuulizia wewe, kwa sababu shemeji zake walikuwa wakimtoa kwenye nyumba ya marehemu mumewe naye hakujua aanzie wapi kule kwa kadhi. Ulikuwa shule. Nilimwambia aje likizo, kama mtu amwambiaye mgonjwa aje daktari akirudi.

Usiku ule uliporudi nikakuhadithia, ukasema, "Mama, watu kama yule huenda na nani?" Nikakwambia huenda peke yao.  Tangu siku ile, ukiulizwa utakuwa nani, umekuwa na jibu moja. Ndiyo sababu ulipotuambia utakwenda ualimu ukitazama sakafu, mimi sikuamini ile sakafu.

Jana Aboud alipita benki akitoka msikitini. Bi Zena hajui, usimwambie, atasema tumevunja fungate. Mahari alinikabidhi siku ile ile ya nikaha mkononi mwangu, mbele ya mashahidi. Nilimpa yeye aipeleke. Hakuilipa chuoni. Mimi ndiye niliyemkataza. Ningelilipa chuo, ningekuwa nimekuchagulia, na mimi nimechaguliwa vya kutosha maishani mwangu kujua ladha yake. Ameiweka kwenye akaunti yako, kwa jina lako, yote. Imetoka kwangu kwa hiari yangu na imefika kwako. Wewe ulinifundisha mwenyewe ulipokuwa ukisoma somo la dini kwa sauti jikoni: zawadi ikishakabidhiwa, mtoaji hana neno tena. Basi sina neno. Nilimuuliza Aboud naye kama ana neno. Alikuwa anamenya chungwa. Akasema, "Mimi nililipa mahari, nikapata mke. Huyo mtoto hata akinunua punda, mimi sidai punda."

Ukienda sheria, ni yako. Ukienda ualimu, ni yako, ununulie vitabu na viatu na uishi vizuri. Ila usiende ualimu ili kunilipa. Sikukukopesha.

Nasikia watu wanatoka msikitini. Nafupisha. Bi Zena atakuletea barua hii pamoja na mahamri, na atakaa hapo mpaka uisome ili aone uso wako, usimpe raha hiyo.

Kesho asubuhi sitakuja stesheni. Niliomba, nikaambiwa biarusi haonekani barabarani, na kwa mara ya kwanza ninaona uchungu wa kufungiwa. Lakini tuktuk itakayokubeba inaweza kupita Bondeni bila kupotea. Mwambie dereva apite chini ya dirisha hili lenye mbao za kijani, juu ya duka la mchele. Nitafungua pande zote mbili, Bi Zena apige kelele apendavyo. Nitajifunika, lakini utanijua.

Ukipita, usiniambie umechagua nini. Usinionyeshe barua yoyote. Nitazame tu. Ukitazama chini kama siku ile, nitateremka hizo ngazi na hina zangu na udi wangu, mtaa mzima uone, nitasimamisha tuktuk na tutazungumza upya. Ukiinua uso ukanitazama machoni, popote uendapo, mimi nitafunga dirisha na kurudi kwenye fungate yangu.

Mamako akupendaye, biarusi wa Bondeni.